Oili Inavuja: Gasketi Ipi, Silikoni Ipi, na Wapi Usipake Chochote

Kuna injini niliyoletewa, taa yake nyekundu ya oili ikiwaka kila gari liliposimama kwenye foleni. Mwenyewe alikuwa amekwisha kubadilisha swichi ya presha mara mbili. Nikashusha sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Wavu ulio kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea oili ulikuwa umezibwa na silikoni nyeusi, vipande vyembamba virefu kama kamba za viatu zilizokatwakatwa. Aliyefunga sampu ile kabla yangu hakuwa mvivu, alikuwa mkarimu kupita kiasi: alimaliza tyubu nzima. Kwa nje sampu ilikuwa kavu, haina hata jasho. Ndani, injini ilikuwa inakufa kwa kiu.

Tangu siku hiyo, nikimwona mtu ameshika tyubu kabla hajashika kitambaa cha kusafishia, namwuliza: hapo unapoziba, mwanzoni palikuwa na nini? Mara nyingi jibu la swali hilo linamaliza kazi. Oili inazuiwa na nyuso mbili safi, zilizonyooka, zilizobanwa sawasawa. Gasketi inajaza tu upenyo mdogo ambao nyuso hizo zimeshindwa kuufunga zenyewe, na kila upenyo una kitu chake.

Hatua ya 1: Tafuta inakotoka, usitazame inakodondokea

Oili haikai inapovujia. Inashuka, na gari likiwa mwendoni upepo unaisukuma nyuma. Tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, ikivuja upande wa nyuma, oili inateremka kwenye ukuta wa injini, inafika pale injini inapoungana na giaboksi, inadondoka mahali pale pale ambapo sili ya nyuma ya kranki (mpira unaozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea) ingedondoshea. Anayechungulia chini ya gari tu atashusha giaboksi siku nzima, atang'oa sili isiyo na kosa, na siku ya tatu tone litarudi kumsalimia.

Kwa hiyo anzia juu. Sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Ukikuta injini nzima imevaa matope ya oili ya miaka, huwezi kuona kitu. Ioshe kwanza kwa dawa ya kuondoa grisi ikiwa imepoa, altaneta na viungo vya umeme vikiwa vimefunikwa kwa mfuko wa plastiki. Iache ikauke kabisa. Kisha pulizia poda nyeupe ya kujipaka kwenye sehemu unazozishuku, washa injini mpaka ipate joto lake la kawaida, itembeze kilomita 10 au 20, urudi na tochi. Oili inapopita kwenye poda inaacha mstari mweusi, na ukiufuata mstari huo kwenda juu unafika kwenye chanzo. Wenye uwezo hutumia rangi maalumu inayomiminwa ndani ya oili. Ukimulika kwa tochi ya urujuanimno, mvujo unang'aa kijani-njano. Poda imenitosha mara nyingi zaidi.

Angalia pia kama kweli ni oili ya injini. Kimiminika chekundu mara nyingi ni cha giaboksi ya otomatiki au cha steringi. Cha kijani au pinki chenye harufu ya utamu ni maji ya rejeta.

Kabla ya kununua gasketi yoyote, pitia vitu vinne vya bure. Cha kwanza ni filta ya oili: wakati mwingine mpira wa filta ya zamani hubaki umeng'ang'ania kwenye bloku, yaani mwili wa injini, mtu akafunga filta mpya juu yake, ikawa mipira miwili. Hali hiyo inaweza kumwaga oili yote kwa dakika chache. Cha pili ni washa ya nati ya kumwagia oili. Cha tatu ni swichi ya presha: ichomoe waya wake, ukiona oili ndani ya plagi ya waya basi swichi imepasuka ndani. Cha nne ni kipimo chenyewe. Oili ikizidi alama ya juu, injini inaweza kuisukumia nje kupitia sehemu ambayo kwa kawaida haina tatizo.

Halafu pima uzito wa jambo. Tone moja la oili ni kama sehemu ya 20 ya mililita. Injini ikidondosha tone kila sekunde 10, kwa saa moja imepoteza mililita 18 hivi, si nyingi. Lakini kiasi si kitu pekee cha kuangalia. Tone dogo linaloangukia bomba la moto la ekzosi linaweza kuwasha gari. Linaloangukia mkanda wa taiming linauozesha, na linaloingia kwenye klachi linaifanya iteleze. Mivujo hiyo haingoji. Jasho tu, yaani unyevunyevu unaoshika vumbi bila kudondoka, huwa naliacha mpaka injini ifunguliwe kwa sababu nyingine.

Hatua ya 2: Je, injini inapumua?

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kila injini inapofanya kazi, gesi kidogo hupenya kandokando ya ringi za pistoni na kuingia chini kwenye kranki. Lazima itoke. Kwenye injini nyingi inavutwa kurudi kwenye hewa inayoingia, ikipitia valvu ndogo ya PCV na mipira yake. Valvu hiyo ikiziba kwa utando wa oili iliyoganda, presha inajaa ndani na kutafuta sehemu dhaifu ya kutokea. Utabadilisha sili ya mbele, mvujo utahamia tapeti kava. Utabadilisha tapeti kava, utahamia sili ya nyuma.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa katika mzunguko wa chini, fungua kifuniko cha kumiminia oili na ufunike mdomo wake kwa glovu nyembamba ya mpira. Kwenye injini nyingi za petroli zenye mfumo mzima, glovu itavutwa ndani kidogo au itatulia. Ikivimba kama puto, presha imezidi. Safisha au badilisha valvu, chunguza mipira yote kama imepasuka au imejikunja, kisha upime tena. Ikiendelea kuvimba na ekzosi inatoa moshi wa buluu, huenda ringi zimechoka, na hakuna gasketi duniani itakayoshinda vita hiyo.

Hatua ya 3: Isome gasketi ya zamani

Usiitupe. Iweke kwenye karatasi safi kwa mpangilio ule ule iliokaa kwenye injini.

Gasketi ya mpira iliyogeuka ngumu kama plastiki, bapa, inayokatika ukiikunja, imepikwa na joto. Ukirudisha mpira wa aina hiyo hiyo utapata umri ule ule. Iliyovimba na kulainika imekutana na kitu isichopatana nacho, mara nyingi petroli au dawa fulani iliyotiwa kwenye oili. Iliyochanika na kuchomoza nje kwenye matundu ya bolti ilikazwa kupita kiasi. Ambayo ni nzima, ila ina alama nzito upande mmoja na upande wa pili haina alama kabisa, inakuambia kwamba tatizo ni kava au sampu iliyopinda. Hapo gasketi mpya peke yake haitasaidia.

Hatua ya 4: Chagua kulingana na kiungo

Tapeti kava. Injini nyingi za leo zina gasketi ya mpira iliyofinyangwa, inayokaa ndani ya mfereji. Mpira huo unatofautiana. Nitrile ni wa bei ya chini na unapatana vizuri na oili, ila unaanza kuchoka joto likikaa juu ya nyuzi 100 hadi 120 za Selsiasi kwa muda mrefu, na juu ya hedi huko, sehemu ya juu ya injini iliyofungwa juu ya bloku, joto hilo si la ajabu. Akriliki unafika kama 150. Mpira wa silikoni unavumilia hadi 200 hivi na unabaki laini kwa miaka, lakini petroli inauvimbisha. Ule unaoitwa FKM, ambao wengi wanaujua kwa jina la Viton, unastahimili joto na mafuta ya kila aina, na bei yake inalingana na sifa hizo. Pakiti isiyosema kabisa imetengenezwa kwa mpira gani, mimi huiacha dukani.

Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha alikuwa ameshika gasketi mpya ya namna hiyo, tyubu iko mkono wa pili. "Fundi, nipake kidogo tu kwa usalama?" Nikamwambia apake kipande kimoja, kingine akiache kikavu, kisha abonyeze vyote viwili kwa kidole gumba juu ya kioo. Kikavu kiling'ang'ania. Kilichopakwa kiliteleza kikakimbia kidole. Ndivyo kinavyofanya chini ya kava ukikaza bolti: mpira unatoka kwenye mfereji wake. Gasketi ya mpira hukaa kavu.

Isipokuwa kwenye kona. Pale kofia ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) inapokutana na hedi, au taiming kava (kifuniko cha mnyororo au mkanda wa taiming) inapopanda kuunganika na hedi, kuna mshono wa vipande viwili ambao mpira hauwezi kuufuata. Hapo, na hapo tu, weka tone la silikoni la ukubwa wa punje ya choroko. Kitabu cha injini huonyesha sehemu hizo kwa mishale midogo, na mivujo mingi ya "nimeweka gasketi mpya bado inavuja" chanzo chake ni hapo. Kama injini yako ina mashimo ya plagi yanayopita katikati ya kava, badilisha na miviringo yake ya mpira kwa pamoja. Hiyo ikivuja hutaona kitu nje. Utakuta plagi zinaogelea kwenye oili na injini inakosa moto.

Gasketi za koki, zile za gome la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, bado zipo kwenye injini za zamani. Zinasinyaa zikikaa stoo, kwa hiyo ipime juu ya kava kabla ya kuamua. Zinahitaji gundi nyembamba upande wa kava pekee ili zisiteleze. Upande wa hedi uache mkavu.

Sampu na taiming kava. Hapa ndipo silikoni ya tyubu, RTV, ilipo nyumbani kwake. Injini nyingi hutoka kiwandani bila gasketi kabisa kwenye viungo hivi, ni silikoni tupu. Kama hakukuwa na gasketi, usiongeze ya karatasi kwa kudhani unaboresha. Na kama ilikuwepo ya mpira juu ya bati, rudisha ya mpira juu ya bati.

Unaponunua tyubu usichague kwa rangi. Nyeusi, kijivu, nyekundu, buluu: kila kiwanda kina maana yake, na nyeusi ya huyu si nyeusi ya yule. Soma vitu vitatu. Je, imeandikwa kuwa inavumilia oili? Nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya maji au joto tu, na oili inazilainisha. Je, ni salama kwa sensa? Silikoni inayonuka siki inapokauka inatoa asidi inayokula chuma, na mvuke wake unaweza kuharibu sensa ya oksijeni; kwenye injini tumia isiyo na harufu hiyo. Cha tatu ni tarehe. Tyubu iliyopitwa na wakati inaweza kubaki laini kama ute hata baada ya wiki, na hakuna dalili ya mapema ukiitazama kwa nje. Ukiwa na shaka, paka kidogo kwenye bati usiku, asubuhi ikwangue kwa ukucha.

Viungo vigumu vya chuma kwa chuma. Bloku iliyogawanyika vipande viwili, fremu inayoshika beringi za kranki, baadhi ya giaboksi na vifuniko vya pampu: nyuso hizi zimechongwa kwa mashine na zinakutana karibu kabisa. Silikoni hapa ni kosa kubwa, maana utando wake unaweza kuinua kiungo na kubadilisha nafasi za beringi. Zinatumia gundi ya anaerobiki, ile inayobaki kimiminika ikiwa na hewa na kuganda ikibanwa kati ya vyuma viwili pasipo hewa. Uzuri wake ni huo hasa. Inayobanwa ikamwagikia ndani haigandi, inachanganyika na oili na kupotea, haizibi njia. Udhaifu wake ni kwamba haijazi pengo kubwa; aina nyingi zinaishia kama robo ya milimita. Kwenye sampu ya bati jembamba haitafaa kitu.

Karatasi. Ukilazimika kuikata mwenyewe, pima unene wa ya zamani mahali ambapo haikubanwa na utafute karatasi ya gasketi ya unene huo huo. Kwenye vifuniko vya pampu za oili unene wa karatasi ndio unaoweka nafasi ya gia. Ukiongeza unene, presha inashuka, ukipunguza, gia zinasaga kifuniko. Laza karatasi juu ya kiungo, gonga taratibu kwenye kingo kwa kichwa cha mviringo cha nyundo mpaka chuma kijichore chenyewe, halafu kata kwa mkasi. Usifanye hivyo juu ya alumini laini, utaacha vibonyeo.

Washa za shaba na alumini. Kwenye nati ya sampu na mabomba ya oili ya turbo zinafanya kazi kwa kubonyea, na zikibonyea mara moja zinakuwa ngumu. Weka mpya. Mpya ya shaba ikikosekana, ipashe moto ya zamani mpaka iwe nyekundu iliyofifia, iache ipoe, isugue masizi. Imerudi kuwa laini. Alumini usijaribu mbinu hiyo, inayeyuka kabla hujajua.

Swichi za presha na bolti zinazopenya hadi kwenye oili au maji. Hizi huvuja kupitia nyuzi, na tiba ni dawa ya nyuzi ya kimiminika, kidogo, ukiacha nyuzi mbili za mwanzo bila kupakwa. Utepe mweupe wa bomba usiuweke: vipande vyake hukatika na kuzunguka ndani ya oili, na kwenye swichi inayopata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye mwili wa gari) kupitia nyuzi zake unaweza kukata umeme.

Gasketi ya hedi. Kavu. Za kisasa za bati za tabaka kadhaa huja na utando wake kutoka kiwandani. Silikoni haina kazi hapo, ila zile sehemu ambazo kitabu kinaziagiza, kwa kawaida kwenye mshono wa taiming kava.

Sili za shafti. Za kranki na kamshafti zina mdomo unaokumbatia shafti inayozunguka, na upande wenye springi ndogo ya duara hutazama oili. Kabla ya kuweka mpya, pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo wa zamani ulipokuwa ukisugua. Ukucha ukikwama, kuna mfereji, na sili mpya ikikaa juu yake itavuja hata ingekuwa ya dhahabu. Mara nyingi inatosha kuisukuma sili ndani au kuiacha nje kwa milimita 1 au 2 ili mdomo uguse chuma kisicholika, mradi usizibe tundu la oili. Mfereji ukiwa mzito, kuna bushi nyembamba za chuma za kuvisha shafti. Sili ya kawaida ya mpira hupakwa oili mdomoni kabla ya kuingizwa. Ila zile zenye mdomo mpana bapa usio na springi, za PTFE, nyingi huingizwa kavu kabisa kwa kutumia kile kiplastiki zinachokuja nacho, na huachwa zitulie saa kadhaa kabla ya kuwasha injini. Ukizipaka oili kwa mazoea, umeziharibu.

Dawa za kumimina ndani ya oili, zile zinazoahidi kukomesha mivujo? Zinavimbisha mipira iliyosinyaa. Zinaweza kukusogeza miezi michache kwenye sili iliyokauka kidogo. Mpira uliopasuka hauna habari nazo.

Hatua ya 5: Safisha mpaka uchoke

Nusu ya muda wa kazi hii ni kusafisha, na mimi sioni aibu kumtoza mtu muda huo. Alama nyembamba ya silikoni ya zamani ikibaki, mpya haitashika juu yake.

Kwenye alumini tumia kikwangulio cha plastiki au cha mbao ngumu pamoja na dawa ya kulainisha gasketi. Kisu cha chuma kinaacha mkwaruzo, na mkwaruzo unaokatisha kutoka ndani hadi nje ni mfereji mdogo wa oili uliouchimba mwenyewe. Zile brashi na sahani za msasa za kufunga kwenye mashine zinavutia kwa kasi yake, lakini unga wake ni mchanga mkali unaoingia kwenye oili na kula beringi. Sizitumii kwenye injini iliyo wazi. Ziba matundu yote kwa vitambaa safi kabla ya kukwangua, na uvihesabu, ili vitoke vyote.

Gasketi za injini za zamani sana zinaweza kuwa na asbesto. Hizo usizisugue kavu. Ziloweshe, ziondoe zikiwa zimelowa, na usipulize vumbi lake kwa kompresa.

Sampu ya bati ikague kwa kuilaza kwenye kioo au kwa rula ya chuma iliyonyooka. Karibu kila ninayoishusha ina matundu ya bolti yaliyochomoza juu kwa sababu mtu fulani aliikaza kwa hasira. Weka ukingo wake juu ya kipande cha mbao ngumu na ugonge kila tundu kwa nyundo mpaka lirudi usawa. Dakika kumi hizo zina faida kuliko tyubu ya bei yoyote. Kava ya plastiki iliyopinda hainyooki, nunua nyingine.

Mwisho futa nyuso zote mbili kwa kisafishio cha breki na kitambaa cheupe. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha usiguse kwa vidole. Puliza pia matundu ya bolti yasiyopenya upande wa pili. Oili iliyobaki chini ya tundu kama hilo haina pa kwenda bolti inapoingia, na imewahi kupasua bloku nyingi.

Hatua ya 6: Paka, funga, subiri

Jaribu kwanza bila silikoni. Ingiza sampu au kava mahali pake, hakikisha inapita bila kugonga kitu na bolti zote zimehesabiwa. Ukishapaka hutakuwa na muda wa kutafuta bolti chini ya meza.

Kata mdomo wa tyubu mdogo, uchore mstari mmoja usiokatika wa unene wa milimita 2 hadi 3, au ule uliotajwa na kitabu cha injini. Pitisha upande wa ndani wa kila tundu la bolti, kwa sababu oili inatoka ndani na nyuzi za bolti ni njia ya siri. Usiusambaze kwa kidole. Ukibanwa, kinachotakiwa kuchomoza ni uzi mwembamba tu. Ukiona unachomoza mnene kwa nje, jua mwingine mnene hivyo hivyo umechomoza ndani, na unajua unakoishia.

Silikoni huanza kushika ngozi baada ya dakika 10 hivi, na ikishika ngozi haigandi tena kwenye uso wa pili. Kwa hiyo funga mapema, ukishusha kipande moja kwa moja bila kukiburuza. Baadhi ya watengenezaji wanataka ubane kwa vidole tu, usubiri saa moja au mbili, ndipo ukaze. Wengine wanataka ukaze mara moja. Fuata maandishi ya tyubu uliyonayo.

Kukaza anza katikati ukielekea nje, kwa kupishanisha pande, mizunguko miwili au mitatu. Bolti za M6 za kava na sampu mara nyingi zinahitaji mkazo wa Nm (nyutonimita) 8 hadi 10 tu. Hiyo ni nguvu ya kiganja kwenye spana fupi. Kama huna spana ya torki, ile inayopima mkazo, shika spana karibu na kichwa chake, si mwishoni mwa mkono, utajizuia mwenyewe. Filta nayo hukazwa kwa mkono: paka mpira wake oili, zungusha mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko.

Kisha usiwashe. Silikoni inaganda kwa unyevu wa hewa, kutoka nje kwenda ndani, milimita 2 au 3 kwa saa 24, na kwenye hewa kavu au baridi inachelewa zaidi. Mimi huiacha ilale usiku kucha bila oili, hata mwenye gari akinung'unika.

Asubuhi mimina oili, washa, iache ipate moto huku ukimulika kila kona, kisha izime na upime tena kiwango, kwani filta mpya imenywa sehemu yake. Rudi tena baada ya kilomita 100 na karatasi nyeupe mkononi. Ipitishe kwenye mshono wote, hasa kwenye zile kona za tone la choroko. Gasketi ya koki unaweza kuipa mkazo mwepesi wakati huo, injini ikiwa imepoa. Ya silikoni usiiguse tena: bolti ukiizungusha baada ya kuganda, unauchana utando uliokwisha kushika.